Siku Niliyowazulia Wakisii Mfalme

Aibu nyingine mtu huzika kimyakimya, lakini yangu ilionwa na ukumbi mzima wa wazazi, na kuna mama anayeuza ndizi soko la Ikonge ambaye kila akiniona hunisalimia, "Mfalme hajambo, mwalimu?" Basi wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na yeye (huwa anaongeza chumvi).

Naitwa Moraa, nafundisha sanaa katika shule moja ya kutwa huku Nyamira. Muhula huo mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia somo langu lina wanafunzi wachache, wazazi wanauliza mtoto akishachora atakula nini, na mwakani litaondolewa nisipowashawishi wazazi wenyewe kwenye mkutano wao. Alinipa dakika kumi na tano. Nilitoka pale nimekaza meno nikijiambia, hawa watu wataona.

Na mpango wangu ulikuwa mzuri, jamani, msinicheke bado. Siku hizi majumba ya makumbusho ya ng'ambo yamepiga picha vitu vyao yakaviweka mtandaoni, vinyago, vyungu, michoro, unavitazama ukiwa umekaa jikoni kwako, na mimi ndivyo ninavyofundishia, maana vitabu vyetu vya historia ya sanaa vina picha nyeusi kama masizi. Kwa siku tatu nilitafuta kitu cha kwetu, nikaandika Kisii, nikaandika Gusii, nikageuza tahajia, mpaka nikakipata: kigoda cha miguu mitatu, cheusi, kinang'aa, kimelazwa ubavu, na upande wake wa chini una mikwaruzo fulani. Chini ya picha palikuwa na mahali pa kubonyeza usome maelezo. Bando langu lilikuwa linaisha, macho yananiuma, nikasema aa, picha inajieleza. Nikapakua ile picha ndogo nikafunga. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku ya mkutano niliunganisha simu na projekta ya shule, picha ikatokea ukutani, nikaanza vizuri, wazazi wakatulia, na wazazi wakitulia mwalimu hulewa. Nikasema kigoda hiki kina zaidi ya miaka mia mbili. Hakuna aliyepinga, nikaongeza. Nikasema ile mikwaruzo ni alama za siri za ukoo. Wakasema mmh. Basi nikaona nimalize kwa kishindo, nikatangaza kwamba bila shaka kilikaliwa na mfalme.

"Mfalme gani?" baba mmoja akauliza. "Sisi tulikuwa na mfalme?"

(Hatukuwa naye. Hata mtoto wa darasa la nne anajua.)

"Wa zamani sana," nikajibu.

Mkono ukainuka katikati ya ukumbi. Alikuwa Mama Bosibori kutoka Manga, mkulima wa chai, mtu mpole, binti yake nilikuwa namfundisha kidato cha pili.

"Mwalimu, pole kukukatiza. Hiyo kiti ni yangu."

Watu wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao. "Mama, hiki kiko ng'ambo."

"Sijui ilifikaje huko, lakini ilipotea kwangu. Baba yangu ndiye alichonga, akanipa nikiolewa. Hapo chini aliandika jina langu."

"Hizo ni alama za kale, mama."

"Mwalimu, nimekalia hiyo kiti nikipika miaka mingapi? Fungua tuone."

Ningesema tutaongea baadaye. Lakini somo langu lilikuwa linaning'inia kwenye uzi, na kiburi nacho, nikawasha intaneti ya simu, nikafungua ile picha kubwa kwenye tovuti yenyewe, nikavuta karibu. Nikavuta tena. Picha za makumbusho, nawaambia, ukizikuza unaona hata vumbi ndani ya ufa. Mikwaruzo ikawa mistari, mistari ikawa herufi, na ukumbi mzima ukasoma kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza:

"KE-MU-NTO."

"Ndiyo mimi huyo," akasema Mama Bosibori.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Kumbe Kemunto, aliyekuwa bado amesimama, hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama mumewe aliyekaa kando yake, na mumewe alikuwa anatazama viatu.

"Baba Bosibori," akasema polepole, "si uliniambia ni dada yako aliiba?"

"Kulikuwa na mgeni Kisii mjini," mzee akanong'ona, "alikuwa anatafuta vitu vya zamani..."

"Miaka tisa sisalimiani na wifi yangu!" (Wifi dada wa mume, si ile ya mtandao, ingawa siku hiyo mtandao ndio ulionimaliza.) Kisha akahamia Kikisii, na hiyo siwatafsirii. Mwalimu mkuu akasimama akaomba tufunge mkutano kwa maombi, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Nyumbani nikayafungua yale maelezo. Mistari minne tu. Mchongaji hajulikani. Umri haujathibitishwa. Upande wa chini pana neno lililochongwa, huenda ni jina la mtu. Nililia, nikanawa uso, nikaamua sitalala na hii kitu.

Jumapili (Jumamosi ni Sabato ya kina Kemunto, nisingethubutu) nikaenda Manga. Boda iliniacha barabarani, nikapanda kile kijia kwa miguu nikijua kabisa naweza kufukuzwa. Nilimkuta Kemunto uani akimenya ndizi na mama mwingine, na yule mwingine ndiye wifi. Kemunto alikuwa amemwendea kumwomba msamaha siku ileile ya mkutano. Baba Bosibori alikuwa kwa ng'ombe, na nilivyoelezwa, alikuwa amehamia huko.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilikwambia hukijui kiti chako."

"Uliniambia. Tena mbele ya watu." Akamenya ndizi nyingine. "Kaa."

Nikamwonyesha kwenye simu kwamba kuna mahali mtu anaweza kuwaandikia wenye mkusanyo anachojua kuhusu kitu. "Niambie jina la baba yako tuwaandikie," nikasema. Kemunto akaweka kisu chini. Baba yake alishafariki, na hawakuwa na hata picha yake moja. Akanitajia jina, Nyakundi, taratibu, kama ananipa mtoto nimshike.

Tukaandika, hawakujibu. Nikaandika tena. Mara ya tatu wakajibu wakiomba ushahidi, nikapanda Manga tena, tukaenda kwa dada yake Kemunto, ambaye naye alichongewa kigoda na baba yao, jina lake likiwa chini, herufi zilezile za kupinda kushoto. Nikakipiga picha pande zote. Baada ya wiki nyingi ukurasa ukabadilika: Mchongaji, Nyakundi. Kemunto aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akasema, "Wamemweka baba."

Mwalimu mkuu amenipa mwaka mmoja zaidi, na sina mpango wa kuupoteza. Wanafunzi wangu sasa wanapiga picha vyungu na vikapu vya nyumbani kwao, na picha isiyo na jina la aliyetengeneza chombo chenyewe naikataa, mtoto arudi akaulize. Na mimi nimeapa: sifungui mdomo juu ya picha yoyote kabla sijasoma maelezo yake mpaka nukta ya mwisho, na yakisema hayajui, nami nitasema sijui. Ni neno fupi sana, jamani. Sijui kwa nini lilinishinda.