Kidonda cha Miaka Kumi na Moja

Mume wangu Munyoki alikuwa na tabia moja iliyonimaliza: alijikuna kwa mwiko wangu. Mwiko wa ugali, jamani, si kijiti cha kuokota. Mimi ni Khavere, mtoto wa Maragoli, na kwetu mtu hachezei mwiko. Nilimkanya kwa upole, nikamkanya kwa ukali, mwisho nikauficha chini ya godoro. Akautafuta mpaka akauona.

Alichokuwa akikikuna ni alama ya moto kwenye mkono wa kulia, kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na kifundo, imenyooka kama iliyopigwa rula, ila mwishoni imepinda kidogo. Aliungua mwaka wa sabini katika kiwanda cha mkate huko Industrial Area, Nairobi, kabla hatujaoana. Trei ilimteleza ikitoka kwenye oveni, naye badala ya kuruka kando akaikinga kwa mkono ili mikate isimwagike. Mikate! Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilimwambia kwamba mikate ingeokwa mingine. Akanijibu kwamba sijui kazi.

Basi palipona, lakini pakaanza kumwasha, na hapakuacha. Nasi sote pale mtaani Maringo tulipaita kidonda. Yeye alisema kidonda, watoto walisema kidonda, na jirani yetu Nabiswa alikuwa akinipigia kelele dirishani kila asubuhi kuuliza kama kidonda cha Baba Kanyiva kimewasha. Alishikilia kwamba kikiwasha mvua itanyesha, kwa hivyo haaniki nguo. Nguo zake zilikaa mbichi kwenye beseni wiki nzima na jua linawaka, na bado aliuliza.

Munyoki naye hakutaka shauri. Alikuwa akikimwagia maji ya moto kabisa, anafumba macho kwa raha, halafu anapaka spiriti. Dakika tano ni baridi, ya sita anarukaruka kama aliyekanyaga siafu. Nikimwambia aende dispensari ananiambia hakuna mtu anayekwenda kwa daktari kwa sababu ya kujikuna. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha, mwaka wa themanini na moja, nyapara wa zamani wa kiwanda akastaafu, akaja mwingine jina lake Naftaly. Huyu alikuwa mtu wa kalamu mfukoni. Siku ya tatu tu akamkuta Munyoki kando ya meza ya kukandia unga, mkono umeingia ndani ya ovaroli ya nailoni, anajikuna. Akamwondoa mezani mbele ya wenzake. Akasema ule ni upele, na mwenye upele hagusi mkate wa watu. Alete barua ya daktari kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

Nyumba tuliyokaa, karo ya mwanetu Kanyiva na ndugu zake wawili, vyote vilitoka kwenye ule mkono. Jumanne Munyoki akaenda dispensari. Foleni ilifika barabarani. Alipoingia, daktari hakuinua kichwa. Alimuuliza anaumwa nini, naye mume wangu, kwa adabu zake zote za Kikamba, akasema hana upele, ila ana kidonda cha mkononi kinachomwasha. Daktari akaandika, akapiga muhuri, akaita mwingine. Shati halikukunjwa hata kidogo.

Akaipeleka barua mbio kiwandani bila kuisoma. Naftaly akaisoma, akamrudishia na kumwambia aende zake. Alirudi nayo saa nane mchana, saa ambayo hajawahi kuonekana nyumbani. Nilifika darasa la saba, nikaisoma mwenyewe. Ilisema mtu huyu hana upele. Ilisema ana kidonda mkononi na asishike chakula mpaka kipone.

"Kidonda gani?" nikamuuliza. "Kiko wapi kidonda?"

Akanyoosha mkono. Pakavu, pameziba tangu zamani. Nilikasirika mpaka nikakosa pa kuweka mikono yangu. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia Naftaly, nikamkasirikia Munyoki, halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe neno hilo nilikuwa nikilitumia kila siku. Miaka kumi na moja tunaliita kovu kidonda, na sasa neno letu limekuja kutufukuza kazi.

Jumatano nikampeleka mimi. Nilikataa chumba cha daktari, nikamtafuta nesi mmoja, Sista Phelister, mnene, mwenye sauti ya kukemea. Kabla Munyoki hajafungua mdomo nilikuwa nimeshamkunja shati. Sista akapapasa, akabonyeza, akauliza anapaka nini. Aliposikia maji ya moto, spiriti na mwiko, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyekuwa nikimkuna.

Akatueleza kwamba ngozi ya kovu si ile ya kuzaliwa. Ile ya kuzaliwa ina vitundu vya jasho na mafuta yake. Hii haina, kwa hivyo hukauka, na ikikauka huwasha. Tena mishipa ya fahamu iliyoungua huwa imeota upya vibaya, inapeleka kichwani habari zisizo na maana. Joto la oveni, vumbi la unga na nailoni vinaiudhi, maji ya moto na spiriti vinaikausha zaidi, na kucha zinaweza kuichana iwe kidonda kweli. Dawa yake ni kitambaa cha maji baridi, ukibonyeze juu bila kusugua. Kisha mafuta mazito yasiyo na manukato, asubuhi na jioni, uyasugue polepole kwa kidole. Ndani ya ovaroli avae mkono wa shati kuukuu la pamba. Na kovu likivimba, likianza kukua au kutoka maji, arudi upesi.

Nilisikia raha na hasira pamoja. Mambo yenyewe ni hayo tu? Kitambaa na mafuta? Sista akaandika barua nyingine, safari hii akaandika kovu la zamani, lililopona.

Alhamisi tukaenda wote mpaka geti la nyuma la kiwanda, pale trei huletwa nje kusuguliwa. Naftaly akasoma barua, akaidai na ile ya kwanza, Munyoki akampa, akazishika mbili kama karata. Moja inasema kidonda, nyingine inasema kovu, zimepishana siku moja, na dispensari ni ile ile. Akasema tumeinunua ya pili. Nilipanua mdomo nimpe yake, Munyoki akanigusa bega.

Akaenda ukutani, akachukua trei moja, akakunja shati, akaulaza ukingo wa trei juu ya mkono wake. Ulikaa sawasawa, mwanzo hadi mwisho, hata pale kwenye kona ambapo chuma kimepinda na kovu nalo limepinda.

"Hiki si kidonda, bwana," akasema. "Hii ni trei yenu."

Waliokuwa wakisugua wakaacha kusugua. Naftaly akaitazama trei, akautazama mkono, akazikunja barua zote mbili.

"Irudishe mahali pake," akasema. "Kisha nenda kavae ovaroli."

Basi, ni hayo tu. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiongea peke yangu barabara nzima. Jioni Munyoki alipoingia nilikuwa bado nafoka. Nilimwambia hao ni watu gani, mtu ameungua kwa ajili ya mikate yao, miaka kumi na moja, na hakuna hata mmoja wa kumwambia pole.

Alikuwa amekaa kwenye stuli, anavua viatu. Hakuinua sauti.

"Na wewe, Mama Kanyiva, uliniambia lini?"

Nilisimama na sufuria mkononi. Nikaitafuta siku hiyo. Nilikuwa nimemwambia aache, nimemwambia ananiudhi, nimemwambia arudishe mwiko wangu. Nikaitafuta tena, sikuiona.

Nikaiweka sufuria chini, nikachovya kitambaa kwenye maji ya ndoo, nikakikamua. Nikamshika mkono, nikakibonyeza juu ya kovu bila kusugua, kama tulivyoonyeshwa.

"Pole," nikamwambia.

Alifumba macho. Mwiko ulikuwa pale mezani, karibu kabisa na mkono wake wa kushoto, na hakuugusa.