Deli Zuri Nililipeleka Kambini

Mimi ni bwana mifugo, na aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Ijumaa kwaya yetu ilikuwa inakwenda kambi ya siku tatu, nikajitia ujuaji wa madeli ya barafu.

"Deli zuri lina kuta nene na mfuniko unaobana," niliwahubiria. "Hilo lenu jepesi la sokoni halifikishi soda jioni ikiwa baridi."

Kisha nikawaazima la ofisini, lile la kubebea chanjo. Walinipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi nikapanga chanjo ya ng'ombe wa kijiji cha Nyakahura ndani ya deli lao jepesi waliloniachia. Nilijiambia barafu ikiwa nyingi, deli ni deli.

Tulifika joshoni saa saba, mimi na mkuu wangu mgeni. Wafugaji walikuwa wakisubiri na ng'ombe wao tangu saa nne. Nilipofungua, barafu yote ilikuwa maji, na chupa za chanjo zinaelea humo.

"Mkuu, madeli wanayotuletea siku hizi ni mabovu," nikasema bila haya. Akatoa kalamu aandike malalamiko.

Mzee Masanja, ambaye binti yake ni mwanakwaya, akachovya vidole kwenye yale maji vuguvugu. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, si ukachukue lile ulilowapa watoto kambini, lililoandikwa CHANJO YA MIFUGO?"

Kalamu ya mkuu ikasimama.

"Nimepita kule asubuhi hii," mzee akaongeza. "Soda yake imenigandisha meno."