Ubeti Uliokosa Nafasi Kwenye Santuri

Saa mbili asubuhi, kijijini Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Marita, mfinyanzi wa miaka thelathini na sita, amepiga magoti mbele ya chungu kibichi, gunzi la muhindi mkononi, anakwangua huku akiimba. Saa hana, na jua halitazami. Wimbo ukifika mwisho, chungu nacho kimekwisha.

"Beti nne ni za tumbo, mmoja wa shingo," anasema. "Mama yangu Atuganile alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake."

Ni wimbo wa majonzi, wa wanawake ambao waume zao walikwenda kutafuta kazi mbali. Kwa Kiswahili unauliza: njia ya kusini, mbona unajua kupeleka tu? Kila mwanamke huimba beti nne zilezile, lakini ubeti wa tano ni wake peke yake. Humo hulitaja jina la mtu wake. Marita humtaja Tomasi, mumewe, aliyekwenda migodini mwaka 1944, akaandika barua mbili, kisha kimya. Huu ni mwaka wa tisa.

Wimbo huo sasa unajulikana hadi Ipinda na Kasumulu, na hiyo ni kazi ya Hezroni, mpiga gitaa wa Kyela. Mwaka 1949, akiwa mchimbaji huko kusini, aliuimba kwenye mashine ya kunasia sauti. Baadaye bendi moja ya dansi ikaurudia, mbio mbio kama watu wanaokimbia mvua. Santuri zote mbili zina beti nne tu.

"Mashine ilinipa dakika tatu," Hezroni anajitetea. "Na huo wa tano ningemtaja nani, bwana? Mimi ndiye niliyeondoka."

Marita anacheka akisimuliwa hayo, ila kicheko hakikai. Wasichana wa Ikombe wamejifunza wimbo kwenye gramafoni ya dukani. Wanaimba beti nne, wanainuka, shingo ya chungu haijakwanguliwa. Mwezi uliopita, kati ya vyungu ishirini vya binti yake Anyisile, saba vilipasuka motoni. Hasara hiyo ni chakula, kwani hapa bei ya chungu ni mpunga wa kukijaza chenyewe.

"Nilimwambia, mwanangu, hujamtaja baba yako. Akanijibu, mama, kwenye santuri hayumo."

Vyungu vingine vitafinyangwa. Kinachomuuma ni kwamba santuri hizo zinachezwa mpaka kwenye kambi za wachimbaji, na Tomasi, kama yu hai, ameusikia wimbo wa nyumbani kwake ukikatika pale pale jina lake lilipotakiwa kuanza.

Mwezi wa saba wenye mashine watafika Kyela na gari lao. Hezroni amemwombea nafasi: yeye gitaa, Marita sauti. "Nimemwambia ndaga, ndaga, mpaka akanikataza kushukuru," anasema Marita.

Lakini dakika ni zile zile tatu. Amejaribu kuimba haraka, chungu kikapinda. Amejaribu kuruka ubeti wa pili, mkono ukakataa kuendelea.

Sasa ameamua. "Nitaanza na wa tano," anasema, akilowesha kidole na kuigusa shingo ya chungu. "Mashine ikisimama, isimame nimeshamwita."