Sahani ya Pili ya Tufani

Mchomeleaji mmoja wa mageti, ambaye jirani zake walimwita Tufani, alikula kama mtu anayefukuzwa. Mkewe hajakaa vizuri, yeye ameshasukuma sahani aongezewe. Baadaye huhema na kulegeza mkanda.

Siku moja binti yao, muuguzi, akaifunika sufuria.

"Baba, tumbo limeshajaa, ila ubongo bado haujapata habari. Ngoja kidogo."

"Na nikifa njaa?"

"Tusimulie ya kazini kwanza."

Akanuna, kisha akasimulia alivyochomelea geti akajifungia ndani mwenyewe, hadi mteja akaruka ukuta kumtoa. Wakacheka mpaka machozi. Alipoikumbuka sufuria, hamu ilikuwa imekwisha.

"Kumbe nimeshiba!"

Mkewe akasogeza kiti karibu. Miaka yote ya ndoa, hakuwahi kumsikia akizungumza mezani.

"Hebu endelea, mume wangu," akasema.