Sitoki, Netiwaki Irudi Isirudi

Mtandao ulipokatika kwenye saiba moja ya mtaa wa Gurei, duka la kulipia kompyuta na intaneti, wateja sote tulisimama tukilaani. Dada mmoja tu hakuinuka. Aliendelea kunakili kutoka kitabu cha kutengeneza tovuti kilichong'oka jalada, akichapa kwa kidole kimoja.

"Dada, netiwaki mafi, hakuna kabisa. Mimi nafunga," mwenye saiba alimwambia.

"Stima iko?"

"Iko. Lakini utafanya nini?"

Akamgeuzia skrini: tovuti ya kibanda chake cha chai. Akabadili neno moja, ukurasa mzima ukawa kijani.

"Hii inakaa ndani ya kompyuta. Netiwaki ikirudi, itanikuta nimemaliza. Sitoki!"

Mwenye saiba akaketi. Sisi tuliokwisha kufika mlangoni tukatazamana. Kumbe mtandao haukutukatiza kazi yoyote, ulitukatiza umbea.