Walikula Nini Mezani kwa Wakubwa

Mume wangu Egon Wischnewski alifyonza moshi wa tanuri la chuma pale Duisburg miaka thelathini, mpaka akipiga chafya shuka langu jeupe linageuka jeusi kambani. Msicheke, nililifua mimi. Chama cha wafanyakazi kikamchagua aketi kwenye bodi ya kampuni: watu wetu kumi, wa wenye mali kumi, na mmoja wa katikati wa kuamua wakivutana. Yanayosemwa mle ni siri ya kiapo. Kwa hiyo akirudi alinisimulia chakula tu: samaki, mchuzi, hata upana wa sahani.

Siku moja, masika ya mwaka themanini na saba, alirudi akavua viatu. Nikamuuliza kama kawaida:

"Mmekula nini leo?"

"Sikumbuki."

Nikajua tanuri limekufa. Yule wa katikati kainua mkono upande wa wenye mali, lizimwe.

Kesho yake akaja Rudi, mdogo wake, fundi wa tanuri hilohilo. Mkononi ana barua: kazi Stuttgart, kiwanda cha magari, wanataka jibu Ijumaa.

"Kaka, niende au nibaki? Wewe ndiye unayekaa na wakubwa."

"Siwezi kusema, Rudi. Nimeapa."

"Hata kwangu? Wamekufunga tai, wakafunga na ulimi?"

Mimi sikumwapia mtu. Nikamkonyeza Rudi. "Muulize walikula nini jana, shemeji. Akikumbuka, baki. Akisahau, funga mizigo."

Rudi akacheka. "Haya kaka, mlikula nini?"

Egon alinitazama kama mwizi aliyemulikwa. Kisha akajibu upesi: "Nyama ya ndama. Viazi. Na kabichi nyekundu."

Rudi akaichana barua palepale, akanibusu shavuni. "Umeona, shemeji? Huyu anakumbuka mpaka kabichi!"

Na mdomo wangu huu, ambao haujawahi kunyamazia hata mazishi, siku hiyo ulinyamaza.

Tanuri lilizimwa Novemba. Stuttgart nafasi zilikuwa zimejaa. Jumapili moja nikafungua mlango, nikakuta sahani imewekwa chini: nyama ya ndama, viazi, kabichi nyekundu, vyote vimepoa. Ilikuwa sahani ya Rudi.

Egon aliila yote amesimama jikoni, bila chumvi. Akaiosha, akanituma niirudishe. Nilibisha hodi kwa Rudi mpaka vidole vikauma. Pazia lilitikisika, mlango haukufunguliwa.

Sahani ninayo hadi leo. Hakuna anayeilia chakula.