Supu ya Kuku Kando ya Lori la Chumvi

Likizo iliyopita nilitumwa Saadani kumrudisha bibi yangu Bagamoyo. Alikwenda kumzika dada yake, homa ikamkamata hukohuko. Nikatumwa mimi kwa sababu nyumbani kwetu mwenye mdomo mrefu ndiye anayepewa safari ndefu, wengine wapumzike.

Tulipanda lori la chumvi, tukakaa juu ya magunia. Kabla hatujafika Mto Wami lori likafa. Dereva na utingo wake wakafungua chuma fulani, wakakitazama kama watu waliofiwa, wakaondoka nacho kwa miguu kutafuta fundi.

"Sasa hivi tunarudi," dereva alisema. Ilikuwa asubuhi. Jua lilifika utosini, likaanza kuteremka, na hiyo sasa hivi yake bado.

Bibi alilala kwenye kivuli chini ya lori. Siku ya pili hiyo hajala; kila kigumu alichokimeza kilirudi. Alijaribu kuinuka akatawadhe, akayumba, nikamdaka.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "nikipata supu nitafika. Nisipopata, sijui."

Akafumba macho. Nikaenda kuokota kuni.

Supu yenyewe haina elimu. Sufuria tulikuwa nayo, maji yalikuwa kwenye debe, mawe matatu na kuni havinunuliwi. Ndimu, kitunguu na kipande cha tangawizi vilikuwa kwenye kikapu cha bibi. Kuku tulipewa na wenyeji wetu wa Saadani, mzima, kafungwa miguu, ananitazama kwa jicho moja kama mwalimu wa hesabu. Chumvi ndiyo usiseme. Magunia tele ya chumvi, na hakuna mwanamume hata mmoja!

Maana kwetu mwanamke hachinji. Mjini si taabu: unasimama mlangoni na kuku wako, mwanamume wa kwanza kupita unamwita, anakuchinjia na kwenda zake. Pale barabarani nilisimama na kuku wangu mpaka mkono ukafa ganzi. Walipita ngedere. Alipita mama mmoja na mtoto wa kiume mgongoni.

"Bibi, amepita mwanamume."

"Mwite basi!"

"Bado ananyonya."

"Hebu nitokee hapa!" Lakini sauti yake ilikuwa ndogo mno, hata matusi yalimchosha.

Maji yalichemka, yakakauka, nikaongeza. Yakachemka tena. Nilichoka kuchochea moto, nikachoka kusimama, nikachoka hata kufanya mzaha, na hilo kwangu ni ugonjwa. Nikamtazama bibi: midomo imepauka, mkono umelala mchangani kama si wake. Ndipo nikakumbuka kwamba siku moja chuoni, tulikosomeshwa Kurani, mwalimu wetu alisema kichinjo cha mwanamke ni halali. Alilisema upesi upesi, halafu akakohoa, akafungua ukurasa mwingine.

Nilichukua kisu cha bibi cha kukatia popoo, nikakinoa kwenye jiwe. Nikamlaza kuku, nikamwelekeza kibla. Nikapaza sauti makusudi, chini ya lori pasikie:

"Bismillahi, Allahu Akbar!"

Kuku akatapatapa, akatulia. Nilingoja kuitwa mlaaniwa. Nilingoja kusikia kwamba bibi yangu hali mzoga uzeeni.

"Tangawizi usitie nyingi," alisema. "Na ndimu ukamue ukishaepua, isije ikawa chungu."

Basi. Nilimnyonyoa kuku kwa maji yaleyale yaliyochemka bure tangu asubuhi, nikachemsha mengine, nikamkatakata. Chumvi, kitunguu, tangawizi kiasi. Nikakaa kando ya moto, kichwa kikianguka kifuani kila mara. Nyama ilipolainika niliepua, nikakamua ndimu, nikammiminia kwenye kifuu. Alikunywa kwa funda ndogondogo huku nimemshika shingo. Tukangoja sote wawili. Haikurudi. Akanyoosha kifuu nikamwongeze.

Dereva na utingo walitokea alasiri na chuma chao, vumbi mpaka kwenye kope. Dereva akanusa, akaona manyoya, akatazama huku na huku.

"Shikamoo, bibi. Kumbe mmepata mtu wa kuwachinjia?"

Nikainama kuchokoa moto uliokwisha kuzimika.

"Marahaba. Mtu yupo," bibi alisema, akijiinua mwenyewe kwa kiwiko. "Umesimama naye hapo."

Dereva alinitazama, akayatazama manyoya tena. Tumbo lake likanguruma, sote tukalisikia.

"Aa... huyu?"

"Huyu. Mimi nimekunywa vifuu viwili na roho yangu imetulia. Wewe mwanangu unataka supu, au unataka kwenda kwa kadhi?"

Utingo hakungoja shauri liishe, alikwisha kuchuchumaa. Dereva alisimama kidogo, heshima yake ionekane, kisha naye akachuchumaa. Walikula hadi mifupa, wakarudisha chuma chao mahali pake. Mimi nilibakiwa na shingo, nikailia juu ya magunia lori likiondoka, usingizi umenishika katikati ya kutafuna.